Alichokichekea Bi Tausi

Isevya, Tabora

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, roho ndiyo imechafuka, na sababu utaikuta ukifika katikati ya barua hii. Kwanza nijue hali yako. Goti linasemaje? Korosho mmeokota wenyewe, au wale vijana wa jirani wamewatangulia tena? Yule fundi anayekuzungusha na simu yako mwache, simu ile ilikwisha zamani, nitakuja na nyingine likizo ya Desemba. Nimeona nikuandikie, maana kuongea nawe kwa simu ya kaka ni kuongea na nyumba nzima, na haya ninayotaka kukwambia si ya kupigiwa kelele uani. Mwanaidi wa kaka akusomee taratibu. Mwambie asiruke mahali palipo na maneno makali, ni machache na yote yamestahili.

Huku mvua bado. Vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa, na maji ya bomba yanakuja yanapojisikia. Darasa langu la nne wananipenda au wananiogopa, sijajua bado. Chakula si tatizo tena, ugali wao nimeuzoea, na asali ya huku ukiilamba unaweza kusahau kwenu ni wapi. Nimekutumia chupa moja kwa dereva wa basi. Ifiche, usimwonyeshe kila anayekuja kukujulia hali.

Nyumba ninayopanga ni ya mjane mmoja anaitwa Bi Tausi, Mnyamwezi wa hapahapa, umri kama wako au chini kidogo. Barazani anauza karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa vikaanikwa mpaka vikakauka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Wanyamwezi ni watani zetu Wazaramo, tangu wazee wao waliposhuka pwani na mizigo kichwani na wazee wetu wakawapokea kwa matusi na chakula. Kwetu utani huo umebaki maneno ya arusini. Huku bado uko hai. Siku niliyofika Bi Tausi alilichukua begi langu akalikalia, akasema Mzaramo haingii nyumba hii bure, na sikulipata mpaka nilipolikomboa kwa kilo ya sukari. Tangu hapo haniiti mwalimu wala Siwema, ananiita mtani. Akipika kitu kizuri ananiletea sahani na tusi juu yake.

Ana binti mmoja, Zuhura, fundi cherehani, msichana mtulivu mwenye maneno machache. Mwaka huu alikuja kuposwa na kijana wa Usoke anaitwa Idrisa, ambaye kwao wanalima tumbaku. Usoke ni kijiji cha kwenye reli, upande wa machweo, si mbali. Posa ilipokelewa, watu wakala wakafurahi, ikabaki kupanga siku. Zuhura akaanza kushona mashuka yake jioni baada ya kazi za wateja. Nakueleza haya ili ujue kilichokuwa hatarini ninapofika kwenye huo uchafu wenyewe.

Uchafu wenyewe ni filamu.

Kuna filamu moja ilitengenezwa hapa Isevya miaka mingi iliyopita, enzi za kanda, na vijana wa mtaani wenye kamera moja ya kuazima. Inaitwa Mpagazi Hageuki. Mama, ni mbaya. Sauti inakatika, wapagazi wa zamani wamevaa kandambili, na mmoja ana saa ya mkononi. Lakini kuanzia hapa mpaka Kaliua hakuna mtu asiyeijua. Wamehamishiana kwenye simu, inaonyeshwa kwenye vibanda vya video kila watu wakiuza tumbaku, na watoto wangu wa darasa la nne wanakariri maneno yake wakati hata kujumlisha hawajui.

Habari yake ni ya bwana mmoja aliyerithi mzigo wa babu yake mpagazi. Mzigo haufunguliwi, na yeye hathubutu kuutua. Anaugua, mkewe anamuuguza, anakufa. Jeneza linatoka nyumbani, watu wanalia. Ndipo inakuja ile picha ya mwisho inayowatia watu wazimu. Yule yule aliyekufa, na shati lake la kijani alilolivaa tangu mwanzo, anaonekana kwa nyuma akienda zake njiani na mzigo kichwani, mwendo wake ule ule wa kuyumba bega. Hageuki. Mkewe amesimama mlangoni, anamwangalia, halafu anacheka. Anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Filamu imeisha.

Basi kuhusu hapo mwisho watu huku hawalali. Walimu wenzangu wakinywa chai ya saa nne ni hiyo, na makamu mkuu alishawahi kutuchorea ubaoni nani alisimama wapi. Wengine wanasema bwana hakufa, jenezani mlikuwa na ule mzigo, yeye na mkewe walipanga kuwahadaa ndugu. Wengine wanasema ni mzimu unaendelea na safari ya babu yake kwenda Ujiji. Kuna mmoja, fundi baiskeli, anashikilia kwamba aliyekufa ni mke, kwa sababu hakuna anayemsemesha baada ya jeneza kutoka. Hizo ninaweza kuzicheka. Lakini kule vijijini kwa wakulima wa tumbaku imeota tafsiri nyingine, nayo imezipiku zote. Wanasema mke ndiye aliyemuua, akamfanya msukule, yule maiti anayefufuliwa kwa uchawi akalimishwa mashamba ya mchawi usiku. Ndiyo maana anabeba mzigo na hageuki, hana akili tena. Na mke anacheka kwa sababu amempata.

Sasa, mama, mke yule kwenye filamu ni Bi Tausi. Na aliyeigiza bwana ni mumewe wa ndoa, marehemu Mihayo, baba yake Zuhura.

Nilipofika hapa nililijua hilo, kila mtu analijua. Wapita njia wanamwita Mama Kicheko, naye anaitika na kuwauzia karanga. Nilidhani anapenda. Sikuwahi kumuuliza lolote, maana nilimwona filamu ikitajwa anaanza kupanga upya mafungu yake ya matobolwa ambayo hayakuwa yamepangika vibaya.

Siku moja akaja mshenga wa kule Usoke. Alikaa ukumbini, akanywa chai, akazunguka na habari za bei ya mbolea, mpaka Bi Tausi akamwambia aseme kilichomleta. Ndipo akasema, macho yakiwa sakafuni, kwamba wazee wa Idrisa wanaomba mambo yasimame kwanza. Kwamba filamu ilionyeshwa kule, na mzungumzaji wa kibanda, yule anayewafafanulia watu picha kwa kipaza sauti, akaeleza mambo ya misukule, na watu sasa wanasema kicheko kile hakikuwa cha kuigiza.

Bi Tausi akasema, "Kweli, hakikuwa."

Mshenga aliiacha chai nusu. Alivyotoka ungedhani ameona nyoka uvunguni, na nina hakika alilifikisha neno hilo Usoke kabla hajavua viatu. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nikisahihisha madaftari. Bi Tausi akaniita, akaniambia nikae, akaniambia kitu ambacho naona ni haki yako kukijua, maana kinatuhusu sisi Wazaramo.

Mihayo alikufa kabla filamu haijaisha. Homa ya siku chache tu, Zuhura akiwa bado anabebwa mgongoni. Jeneza unaloliona kwenye filamu ni lake. Watu wanaolia ni ndugu zake wenyewe. Na mle msibani alikuwepo Mzaramo mmoja mchimba visima, mtani wao, rafiki wa marehemu. Wewe unajua watani wanavyofanya kwenye misiba, japo kwetu siku hizi wanakuja wanakula pilau tu. Jeneza lilipoondoka na wanaume, na Bi Tausi amesimama mlangoni hajatoa machozi wala neno tangu alfajiri, yule mtani aliingia ndani akavaa shati la kijani la Mihayo, akajitwika furushi la nguo, akatoka akipita mbele ya wanawake kwa mwendo wa Mihayo wa kuyumba bega, akawa anakwenda zake. Bi Tausi akacheka. Alisema kilimtoka chenyewe, na baada ya hapo ndipo akaweza kulia, akalia mpaka magharibi. Alisema, "Yule Mzaramo aliniokoa, mtani. Ningepasuka."

Na nyuma ya umati alikuwepo kijana mwenye kamera, rafiki wa marehemu pia. Alimwambia mjane kwamba anapiga ukumbusho wa familia. Alikuwa ana filamu isiyo na mwisho, basi akapata mwisho. Kijana huyo leo ni mtu mzima mwenye kitambi, watu wote wanamwita Dairekta, na ndiye mwenye kibanda kikubwa cha video nyuma ya soko. Kwa miaka yote hii anawasikiliza watu wakigombana kuhusu mwisho wa filamu yake, na akiulizwa anakunja mikono kifuani anasema msanii haelezi kazi yake.

Mama, hebu ona. Mtu ameuchukua msiba wa mwenzake akaufanya kitendawili cha kuuzia tiketi. Na siyo yeye peke yake. Msiba ule haukuwa wa siri, wapo wazee wa Isevya waliolibeba jeneza lile. Wanakaa kahawani wanasikiliza watu wakibishana kama Mihayo alikufa au hakufa, wao waliomtia mchangani, na wanakaa kimya kwa sababu ubishi ni mtamu na kahawa inanyweka. Wanyamwezi wazima, wenye utani wao, wanamwona mtani kazini kwake na wanasema ni msukule. Sijui niwaweke fungu gani.

Kesho yake nilimsindikiza Bi Tausi kwa Dairekta. Hakwenda kugomba. Alimwomba kwa upole atoe neno moja tu kwenye kipaza sauti chake, aseme ule ulikuwa msiba na yule alikuwa mtani, kwa ajili ya mtoto. Dairekta alimpa kiti, akaagiza soda, akamwita dada. Akasema anamwelewa sana. Halafu akasema, "Lakini dada yangu, nikieleza, filamu imekufa."

Bi Tausi akamuuliza, "Na Mihayo je?"

Soda hakuinywa. Tulipofika nje tukakuta bango limeshabandikwa ukutani, kwamba Jumapili baada ya alasiri kutakuwa na Mjadala Mkuu wa Mpagazi Hageuki, na atakayetoa tafsiri bora atapata feni ya mezani. Alikuwa amelibandika asubuhi ile ile, na bado alitukaribisha soda.

Nyumbani mambo yakawa mazito. Zuhura aliyakunja mashuka yake akayatia sandukuni, akarudi kushona nguo za wateja. Barazani wateja wakapungua, hasa wale wenye watoto wadogo. Jirani mmoja aliyekuwa akiazima kinu chetu kila siku akaanza kwenda kuazima mtaa wa pili. Unajua wewe maneno ya uchawi yakimshika mwanamke wa umri ule yanaweza kumfikisha wapi, na huku yamewafikisha wengi pabaya. Nilimwambia Bi Tausi mimi nitakwenda huko Jumapili nikawaeleze. Akakataa. Akasema, "Usinitetee. Mimi sina kesi, sikushtakiwa na mtu. Nisimame mimi, au wewe usimame badala yangu, tuwaeleze watu nilichekea nini msibani kwangu?" Nikamuuliza, je, kama mtani nimekatazwa? Akasema mtani hakatazwi na mtu.

Jumapili nikaenda. Kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mstari wa mbele nikamwona mzee mwenye kofia nyeupe na fimbo, nikaambiwa huyo ni Mzee Maganga wa Usoke, baba mdogo wa Idrisa, aliyekuja kwa treni makusudi asikilize kwa masikio yake kabla ukoo haujakata shauri. Yaani, mama, mtu mzima anapanda treni kwenda kuuliza kibanda cha video kama mkwe wake ni mchawi, na nyumba ya mkwe iko hatua chache nyuma ya soko.

Nikae nikueleze yote yaliyosemwa mle? Siwezi, nitatapika kwenye karatasi. Walionyesha ule mwisho, wakarudisha, wakaonyesha tena. Mtu mmoja akapaza sauti, simamisha hapo kwenye meno. Dairekta akasimamisha. Uso wa Bi Tausi wa ujana, siku ya msiba wake, ukabaki umeganda ukutani mkubwa kuliko mlango, na wanaume wakaja mmoja mmoja na kijiti wakimwonyesha mdomo, jicho, shingo. Mwenye duka la dawa akasema kitaalamu hicho ni kicheko cha mtu aliyepokea kitu. Kijana mwingine akasema ukiangalia vizuri kivuli cha mpagazi hakipo. Kilikuwepo, kila mtu alikiona, na bado walimpigia makofi. Akaja wa misukule, akaeleza mpaka bei ya dawa, na Mzee Maganga akawa anaitikia kwa kichwa polepole kama anayesikiliza hotuba ya Ijumaa.

Nikanyoosha mkono. Dairekta akafurahi, akasema hata mwalimu wa pwani naye ana tafsiri, akaninyooshea kipaza sauti. Nikamwambia sikihitaji. Nje pale mlangoni kulikuwa na muuza kahawa, nikaazima vikombe vyake viwili.

Hapa lazima nikueleze kwamba Dairekta amefiwa na baba yake mwaka huu huu, kabla ya Ramadhani. Mzee Saidi, muuza kahawa wa mtaa mzima, aliyependwa na kila mtu. Wote waliokuwa mle kibandani walikuwepo mazikoni, mimi pia nilipika. Alikuwa akiburuta mguu wa kushoto, akigonga vikombe, na kila anayemfikia, awe bwana harusi au mgonjwa, anamtazama juu mpaka chini kwanza, anavuta pumzi puani, halafu anamwambia amekonda.

Nikajifunga kanga kiunoni. Nikaburuta mguu. Nikagonga vikombe. Nikapita mbele ya ule mstari wa kwanza, nikasimama kwa mwenye duka la dawa, ambaye ndiye mnene kuliko wote mle ndani, nikamtazama juu mpaka chini, nikavuta pumzi puani. Nikamwambia, "Umekonda wewe. Kwenu hamli?"

Mama, kibanda kililipuka. Watu walicheka wakashikana mabega. Wa madirishani mmoja alidondokea ndani. Nikaendelea, nikaburuta mguu mpaka kwa Dairekta mwenyewe, nikamrekebishia kola ya shati kama baba yake alivyokuwa akimfanyia hadharani, nikamuuliza ameswali au amekaa tu na mashine zake. Dairekta alicheka mpaka akaishika meza. Machozi yalimtoka, akawa anayafuta kwa kiganja na bado anacheka, na mdomo wake ulikuwa wazi meno yote yanaonekana, sawasawa na ule mdomo ulioganda ukutani nyuma yake.

Nikasimama wima. Nikasema, "Mzee Saidi tumemzika juzi tu. Mmemcheka nyote, na mwanawe kacheka kuliko nyote. Sasa niambieni, nani kati yenu kamfanya msukule?"

Sikusema neno jingine. Bi Tausi alinikataza kumtetea, na sikumtetea. Dairekta alikaa. Alikuwa ameacha kucheka lakini machozi yalikuwa bado yanakuja, na nadhani hayakuwa tena ya kucheka, ingawa huruma yangu kwake ni ndogo. Baadaye akasema, bila kipaza sauti, kwamba ule ulikuwa msiba wenyewe, na yule wa mwisho ni mtani, Mzaramo, alivaa shati la Mihayo. Mzee mmoja wa nyuma akaitikia kwamba ni kweli, hata yeye alikuwepo, alibeba jeneza. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakusema. Akanijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Na usidhani waliona haya. Hapo hapo yule kijana wa kivuli akauliza, "Kwa hiyo feni anachukua nani?" Ukaanza ugomvi mpya. Wengine wakasema nipewe mimi, wengine wakasema mimi nimeigiza, sikutoa tafsiri. Fundi baiskeli akasema hiyo ya msiba ni maoni ya Dairekta tu, filamu ikishatoka si yake tena. Nikatoka, nikamrudishia muuza kahawa vikombe vyake. Njia nzima nilikuwa natema mate kama niliyekula kitu kilichooza. Nilikuwa nimemfanyia utani marehemu wa watu kwenye kibanda cha video, mbele ya waliokata tiketi, na sijui kama wewe ungependa. Mama yake Dairekta alinikuta asubuhi kwenye njia ya shule. Nikajikunja nikijua nitatukanwa. Akaniomba siku nikipita kwake nimwigie tena, yeye hakuwepo.

Jumatatu jioni Mzee Maganga akabisha hodi. Alikuwa amelala kwa jamaa yake mjini, na sasa alikuja na mshenga na mfuko wa maharage. Bi Tausi akamkaribisha kama anavyokaribishwa mkwe, maji ya kunawa, chai, kiti chenye foronya. Mzee alisema maneno mengi mazuri. Alisema dunia ina fitina, kwamba yeye binafsi hakuwahi kuamini, kwamba wazee lazima wachunguze kwa sababu ndoa ni koo mbili. Alisema alichokiona Jumapili kimetosha. Mwisho akasema, "Sisi tumeridhika. Tupange siku."

Bi Tausi akamwita Zuhura. Msichana alikuwa nyuma ya pazia na uzi bado mdomoni. Akatoka, akapiga magoti, akamwamkia mzee shikamoo kwa heshima yote, akaitikiwa marahaba mwanangu. Akabaki pale pale chini, akasema, "Baba, mwambieni Idrisa mimi sijaridhika."

Mzee akacheka kidogo, akadhani ni haya za wasichana. Akamuuliza hajaridhika na nini tena, na mambo yote yamesafishwa. Zuhura akasema, "Namba yangu anayo, na nyumba anaijua. Hakuniuliza hata siku moja mama yangu alicheka nini."

Mshenga akamtazama Bi Tausi, akitegemea atamkemea mwanawe. Bi Tausi aliinuka, akafunga fungu la matobolwa kwenye gazeti, akampa Mzee Maganga ya kula kwenye treni. Maharage akayarudisha vilevile, mfuko haujafunguliwa. Walipotoka, Zuhura alirudi cherehanini, na nilimsikia akiendelea na gauni la mteja mpaka umeme ulipokatika. Usiniulize kama alilia. Alilia, na mama yake pia, na mimi niliwapikia uji ambao hakuna aliyeunywa. Alimpenda yule kijana, hilo nalijua, nilimwona akidarizi herufi ya jina lake na ya Idrisa kwenye pindo la mashuka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo huku. Filamu bado inaonyeshwa. Dairekta ameweka tangazo jipya kwamba sasa wanaonyesha na ukweli wake, na nasikia watu ni wengi kuliko zamani. Nimempita mara mbili sokoni, akanisalimia mtani, sikuitikia. Jirani amerudi kuazima kinu. Bi Tausi anampa, ila hamkaribishi tena kukaa.

Nisalimie kaka Mbwana, mwambie paa la jikoni asingoje mvua. Shangazi yangu mkunga mwambie dawa yake ya kifua nimemaliza, atume nyingine kwa yeyote anayekuja. Baba mdogo, mlinzi wa mikorosho, mpe shikamoo yangu na umwambie huku hawana korosho, wanazisikia tu. Bi Tausi anakusalimia sana. Tusi alilonipa nikuandikie nimeliacha, utalipata kwa mdomo Desemba. Mwanaidi, wewe unayesoma, nasikia filamu hii imeshafika mpaka Kisarawe kwenye simu zenu, na mnabishana huko shuleni inaishaje. Waambie wenzako umeandikiwa na shangazi yako anayekaa kwenye nyumba yenyewe. Mtu alikufa. Mtani akamchekesha mkewe ili aweze kulia. Imeishia hapo, hakuna kingine.

Mwanao,
Siwema